Bonde letu la mpunga limeingia chumvi: tatizo ni mikoko, ni bahari, au ni sisi wenyewe?

#1 MwanaBonde
Assalaam alaykum wanajamvi. Nimelelewa kusini ya Pemba, kando ya bonde ambalo bibi yangu alilima mpunga tangu kabla ya Mapinduzi, na ambalo mama yangu bado ana majaluba matano humo. Bonde hilo linashuka taratibu hadi kwenye hori lenye mikoko, na kati ya mpunga na mikoko palikuwa na ukanda wa ukangaga, matete na mikindu ambao maji yake yalikuwa baridi, yaani yasiyo na chumvi, mwaka mzima. Miaka sita iliyopita, katika jaluba la mwisho upande wa pwani, mpunga ulianza kukauka ncha za majani kana kwamba umepitiwa na moto. Mwaka uliofuata likafuata jaluba la pili. Msimu huu mama amepanda manne na amevuna mawili. Wakati wa kiangazi udongo unabaki na utando mweupe, na mboga pwani, mmea wa penye chumvi, imeota mahali ambapo utotoni tulikuwa tukichuma yungiyungi.

Kijijini kila mtu ana jawabu lake na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Naomba wenye ujuzi wanieleze ni nini hasa kilicholeta chumvi, na je, bonde likishaingia chumvi hurudi?

#2 Mkandaa
Wa alaykum salaam. Jawabu ni jepesi: mikoko imekatwa. Waliochoma chokaa walikata, waliotengeneza mashamba ya chumvi walikata, waliotaka boriti na kuni walikata, na sasa bahari imekosa wa kuizuia. Mikoko ndiyo inayonyonya chumvi kutoka kwenye maji kabla hayajafika bondeni, kwa hiyo pandeni mikoko na baada ya miaka michache mtavuna mpunga wa Supa kama zamani.

#3 MaalimWaJiografia
Mkandaa, nusu ya kwanza ya maneno yako naikubali, lakini nusu ya pili inahitaji kusahihishwa, kwa sababu nimeisikia hata kwenye mikutano ya hadhara. Mikoko haifanyi maji ya bahari yawe baridi. Mkoko wenyewe huizuia chumvi mlangoni, yaani kwenye mizizi, ili isiingie mwilini mwake. Mchu, aina nyingine ya mti wa mikokoni, huiingiza kisha huitoa kupitia majani, na asiyeamini achume jani la mchu asubuhi alilambe. Chumvi inayokataliwa na mti inabaki pale pale kwenye tope. Kazi ya mikoko ni nyingine: huvunja nguvu ya mawimbi, hushika tope lisichukuliwe, na baada ya miaka mingi huinua ardhi ya ukingo. Ukikata mikoko, ukingo unaliwa, mwisho bahari inapata njia ya kupanda wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana. Kwa hiyo ukataji unaweza kuwa chanzo, ila si kwa namna ulivyoeleza.

Mleta mada, naomba utujibu jambo moja: chumvi inakuja kwa juu, maji yakionekana kwa macho yakipanda kutoka horini, au inatokea chini?

#4 MwanaBonde
Ahsante Maalim. Kwa juu nimeyaona mara mbili tu, zote wakati wa bamvua kubwa, na yaliishia jaluba la kwanza. Jaluba la tatu halijawahi kufikiwa na maji ya juu, lakini nalo lina utando mweupe.

#5 FundiKisima
Hapo ndipo nilipokuwa nasubiri. Mimi nachimba visima Unguja na Pemba, na jambo ambalo watu hawataki kulisikia ni kwamba maji baridi ya visiwa vyetu yanaelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi, kwa kuwa maji baridi ni mepesi zaidi. Kanuni inayotumiwa ni kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Tafsiri yake ni kwamba ukivuta maji mpaka usawa ukashuka kwa nusu mita tu, chumvi inaweza kupanda kwa mita 20 kukufuata, na wewe juu huoni kitu isipokuwa chai imebadilika ladha. Nimechimba visima ambavyo mwaka wa kwanza wenyewe walinisifu na mwaka wa tatu wakanipigia simu za matusi.

Swali langu ni hili: juu ya bonde hilo pamechimbwa visima vingapi vya pampu katika miaka kumi iliyopita?

#6 MwanaBonde
Vinne ninavyovijua. Kimoja ni cha msikiti, viwili ni vya nyumba za watu waliorudi kutoka Oman, na kimoja ni cha shamba la tikiti maji. Hicho cha mwisho kinavuta mchana kutwa.

#7 Sululu
Samahani kwa kuingilia, lakini nimeona uzi mzima unazungumzia mpunga na chumvi, na ule ukanda wa ukangaga na mikindu ambao mleta mada ameutaja kwa sentensi moja umepitwa kama si kitu. Kwa maoni yangu ndio uliokuwa roho ya bonde. Ardhi ya namna ile hufanya kazi ya sponji: hupokea maji ya masika kutoka vilimani, huyashikilia, kisha huyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi, na hayo yanayoachiwa ndiyo yanayoisukuma chumvi irudi baharini. Nani aliuondoa ukanda huo, na lini?

Mimi naangalia ndege. Kila mwaka kuanzia Agosti wanaingia sululu, vitwitwi na wageni wengine kutoka kaskazini ya dunia, wengine wametaga Ulaya na Asia ya kaskazini, wanakaa kwetu mpaka karibu Aprili wakila kaa wadogo na funza wa topeni. Maji yakijaa wanahitaji mahali pa kusimama karibu, na mahali hapo ni hizo kingo zenye majimaji ambazo sisi tunaziita pori. Katika hori moja ninalolipitia, ukingo uligeuzwa shamba la chumvi. Tope la kulia lipo vile vile lakini ndege ni wachache, kwa kuwa maji yakipanda hawana pa kwenda.

#8 MwanaBonde
Bi au Bwana Sululu, umenigusa penyewe. Ukanda ule uliondolewa na sisi wenyewe, familia tano, tulipotaka kuongeza majaluba. Mwaka sikumbuki vizuri ila nilikuwa darasa la sita. Tulichoma ukangaga, tukang'oa mikindu, tukapata mavuno mazuri sana kwa misimu minne au mitano.

#9 BiUkindu
Ni "Bi" kwa huyo Sululu, namjua kwa maandishi yake. Na mimi ni Bi, tena wa miaka mingi, nasuka mikeka tangu nina miaka minane. Ukindu wetu tulikuwa tunaukata kwenye kingo za namna hiyo, na kila mwanamke alijua akate makuti machanga mangapi katika kila mkindu na mangapi ayaache. Leo ukindu unanunuliwa, tena unatoka mbali. Sisemi kwamba mliong'oa mlikuwa wabaya, mwanangu, njaa haina adabu. Lakini hesabu ya shamba ilipopigwa, mikindu haikuhesabiwa, na waliokuwa wakiitumia hawakuulizwa kwa sababu walikuwa wanawake na ardhi haikuwa kwa majina yao.

#10 KijanaWaNgambo
Nawaheshimu wote, lakini kuna upande mmoja haujasemwa. Mimi nimezaliwa mjini, karibu na ziwa, na ardhi ya majimaji kwangu ina maana ya mbu, harufu, na maji kuingia chumbani kila masika. Mkiniambia inalindwa, naomba mnieleze inalindwa kwa ajili ya nani. Kama bonde limeingia chumvi na halivuniki, kwa nini lisijazwe kifusi watu wakajenga?

#11 MaalimWaJiografia
KijanaWaNgambo, jina lako lenyewe ni ushahidi dhidi yako. Ng'ambo ni ng'ambo ya nini? Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa, na kati yake na Ng'ambo palikuwa na hori lililojaa maji ya bahari na kutoka. Darajani paliitwa hivyo kwa sababu palikuwa na daraja la kulivukia. Hori lilijazwa kifusi hatua kwa hatua mpaka likatoweka. Tulipata viwanja, barabara na bustani, sikatai, ila maji ya mvua yaliyokuwa yakishukia horini hayakupewa taarifa kwamba hori limefungwa, na hadi leo mvua kubwa ikigongana na maji kujaa, Mnazi Mmoja na sehemu zake za jirani panakumbuka asili yake. Chukua majina mengine ya mjini na kandokando yake: Ziwani, Mtoni, Mtopepo. Wazee waliotaja majina hayo walikuwa wanaandika ramani ya maji. Mvua inapoingia chumbani kwako, ziwa halijakufuata. Nyumba ndiyo iliyokwenda ziwani.

#12 KijanaWaNgambo
Nimekubali kwa Darajani, Maalim, ingawa nyumba hiyo niliyoikuta imejengwa na babu hukuniuliza kabla ya kunihukumu. Suala la mbu bado liko palepale.

#13 DaktariMstaafu
Suala la mbu linajibika. Sikuwa daktari bali mhudumu wa afya, jina ni utani wa wenzangu. Malaria imeshuka sana Zanzibar kwa vyandarua, dawa ya kupuliza majumbani, vipimo vya haraka na matibabu, na yote hayo yamefanyika mabonde yakiwa yapo. Mbu anayeeneza malaria anapenda madimbwi madogo yenye jua, yasiyo na samaki: alama ya tairi, shimo la mchanga, jaluba lililoachwa. Kinamasi kilicho hai kina samaki wadogo, vyura, kerengende na buibui wa majini ambao wote wanakula viluwiluwi vya mbu. Nimeona mahali pamoja kinamasi kikikaushwa nusu nusu, yakabaki madimbwi ishirini badala ya bwawa moja, na mbu wakaongezeka. Sitasema kila kinamasi hakina mbu, ningekuwa naongopa.

#14 Mkandaa
Narudi kwenye mada. Nakubali kusahihishwa na Maalim, na jana nimelamba jani la mchu, kweli ni chumvi tupu. Lakini mbona hakuna anayeitaja bahari yenyewe? Ripoti za wanasayansi wa dunia zinasema usawa wa bahari umepanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi inaongezeka. Kwa bonde linaloshuka taratibu kama la mleta mada, sentimita 20 za wima zinaweza kuwa hatua nyingi sana za kwenda bara. Kisiwa Panza watu wamekuwa wakilia na maji ya bahari kuingia mashambani na kula ardhi yao, na huko hakuna shamba la tikiti maji lenye pampu ya kulaumiwa.

#15 NahodhaMstaafu
Mimi nimepita baharini miaka arubaini na nitaongeza jambo ambalo wasomi wa humu hawajaligusa. Bamvua hazilingani. Bamvua za mwezi wa tatu na wa tisa ni kubwa kuliko za miezi mingine, kila mvuvi anajua. Lakini pia ipo miaka ambayo bamvua zote zinakuwa na nguvu na ipo miaka ambayo zinalegea, na mwanangu aliyesomea mambo haya alinieleza kwamba njia ya mwezi ina mzunguko wa miaka 18 na nusu hivi, ambao unaongeza na kupunguza kimo cha maji kujaa. Basi huenda miaka sita ya mleta mada imeangukia upande wa kupanda. Subirini, msije mkahamisha bonde kwa jambo litakaloondoka lenyewe.

#16 FundiKisima
Mzunguko huo wa miaka 18.6 upo kweli, Nahodha, ila mabadiliko yake katika maji kujaa ni asilimia chache tu. Utaongeza sentimita kadhaa kwenye bamvua kubwa. Hautaeleza jaluba la tatu ambalo maji ya juu hayajawahi kulifikia.

#17 NahodhaMstaafu
Sentimita kadhaa ndizo zinazotofautisha maji kupita juu ya tuta na maji kuishia chini ya tuta, Fundi. Wewe unaangalia chini ya ardhi kwa kuwa ndiko riziki yako iliko.

#18 PopoWaKidike
Mkiendelea hivi, uzi huu utakuwa kama njia ya zamani ya mawe ya kwenda kisiwa cha Uzi: maji yakijaa hakuna anayevuka.

Nina la kuongeza kuhusu wanyama, kwa kuwa Bi Sululu amewatetea ndege na wengine wamesahauliwa. Mlilana, ule mkoko unaosimama mbele kabisa ukiwa na mizizi iliyochomoza kama vigingi, hufungua maua yake usiku, na wanaoyachavusha ni pamoja na popo. Pemba tunaye popo mkubwa asiyepatikana mahali pengine popote duniani, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki wachache mno kwa kuwindwa na kwa kukatwa miti yao, na ambaye baada ya vijiji kama Kidike kuamua kumlinda leo wanahesabiwa kwa maelfu. Unguja mnaye kima punju, naye hamumpati kwingine isipokuwa wale wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi huku Pemba mwaka 1974. Na kima huyo si wa msitu wa nchi kavu peke yake, huingia mikokoni kula majani. Wageni wanaokwenda Jozani kumpiga picha hawatambui kwamba Jozani nao ni msitu wa majimaji, maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa ardhi, masika miti ya mitondoo husimama ndani ya maji, na upande wa kaskazini unaendelea hadi mikoko ya Ghuba ya Chwaka. Hifadhi hiyo iliyotangazwa mwaka 2004 ni ya maji kwanza, kima baadaye.

#19 MlaPweza
Popo kuitetea mikoko kwa kuwa popo anakula huko, hilo tulilitarajia. Nahodha anatetea mwezi, Fundi anatetea visima, Bi Ukindu anatetea mikindu. Mimi nitamtetea kaa. Kaa mkubwa wa mikokoni anauzwa hotelini bei ya kuku wawili, na tondo walilisha watoto wa Chwaka na Uzi katika miaka ya dhiki bila kudai ada. Tafi, pono na changu wadogo wanakulia kwenye mikoko na nyasi bahari kabla ya kutoka nje. Wenye madema wa Chwaka wanajua kwamba dema likitegwa kwenye nyasi linatoka na kitu, likitegwa kwenye mchanga mtupu linatoka na maji.

#20 Sululu
MlaPweza amecheka lakini amesema. Na niongeze sahihisho dogo kwa wote wanaoandika "ardhioevu" wakimaanisha kinamasi cha maji baridi tu. Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini Iran tarehe 2 Februari 1971 na ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000, unahesabu hata bahari ya kina kisichozidi mita sita maji yanapotoka. Kwa kipimo hicho mikoko, matope, nyasi bahari na hata sehemu wanapolima mwani ni ardhioevu, na bonde la mpunga pia. Tanzania ina maeneo manne katika orodha ya mkataba huo, nayo ni Malagarasi na Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji hadi Mafia na Kilwa. Yote yako Tanzania Bara. Visiwani hatuna hata moja, jambo ambalo nimekuwa nikiliuliza kwa miaka bila kuelewa.

#21 MwanasheriaChipukizi
Kutokuwemo katika orodha hakumaanishi kutokuwa na ulinzi. Zanzibar ina Sheria ya misitu, Namba 10 ya 1996, ambayo chini yake vijiji vinaweza kuingia mikataba ya kusimamia misitu yao ikiwemo mikoko, na ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 3 ya 2015. Ukataji wa mikoko bila kibali ni kosa. Tatizo la bonde la mleta mada ni kwamba liko katikati: upande wa mikoko ni misitu, upande wa mpunga ni kilimo, visima ni maji, barabara ni ujenzi, na ule ukanda wa ukangaga haukuwa wa mtu.

#22 MwanaBonde
Hilo la kuwa katikati nimelionja. Nilikwenda ofisi moja wakaniambia suala la chumvi ni la ofisi ya pili, ya pili ikanirudisha ya kwanza, na ya tatu wakanipa miche ya mikoko mia mbili kana kwamba ndiyo niliyoifuata. Tukaipanda, tukapiga picha. Tulipanda mara tatu kwa jumla. Hakuna iliyobaki.

#23 BiUkindu
Mliipanda wapi?

#24 MwanaBonde
Mbele ya hori, kwenye tope tupu, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi.

#25 MaalimWaJiografia
Basi hapo kuna somo lingine. Mahali penye tope tupu karibu na mikoko, mara nyingi pana sababu ya kuwa tupu: maji yanakaa muda mrefu mno, au mawimbi yanapiga, au ni mahali pa nyasi bahari na pa ndege kulia. Isitoshe kila mkoko una mahali pake, mlilana mbele, mkoko wenyewe katikati kwenye njia za maji, mkandaa na mchu nyuma. Kuchomeka miche ya aina moja mahali ambapo hapajawahi kuwa na mti ni kumtafutia mtoto shule bila kuuliza anasoma lugha gani. Wenye uzoefu siku hizi husema kwanza rudisha njia ya maji, mbegu zitakuja zenyewe, kwani mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti na husafiri na maji. Pale ukingo wenu wa zamani ulipokuwa na mikoko, maji yanaingia na kutoka kama kawaida?

#26 Mkandaa
Maalim, na ng'ombe umewasahau. Kijijini kwetu mchu ulioota wenyewe nyuma ya ukingo uliliwa wote na ng'ombe waliofungwa hapo hapo.

#27 MzeeWaMizimu
Nimesoma yote. Nitasema neno nikijua nitakemewa. Bonde hilo, kama ni lile ninalolidhania, lilikuwa na mahali pake pa juu penye chemchemi, na pale palikuwa na miiko: hapakatwi mti, hapaoshwi sufuria yenye masizi, hapapigwi kelele, na mwanzo wa msimu wazee walikwenda kuomba. Waliosoma wakasema ni shirki, na miti ikakatwa ndani ya mwaka mmoja. Chemchemi ikapungua. Mkitaka kuita sponji iteni sponji.

#28 DaktariMstaafu
Mzee wangu, mimi ni mmoja wa waliosema shirki na sijabadili msimamo kuhusu kuomba mizimu. Lakini nakiri kwamba tulipoondoa mwiko hatukuweka kanuni yoyote badala yake, na shoka halikuuliza itikadi ya mtu. Kuhifadhi maji na kutofisidi ardhi ni jambo ambalo dini ingelisimamia vizuri kuliko mzimu, kama tungelihubiri siku hiyo hiyo tuliyokataza.

#29 FundiKisima
Kwa hiyo mpaka sasa tuna mikoko iliyokatwa, bahari iliyopanda, mwezi, pampu ya tikiti maji, ukanda uliochomwa na chemchemi iliyopungua. Bado nasema ni pampu, na naweza kuonesha: mleta mada achimbe shimo la mita moja na nusu katika jaluba la tatu, apime ladha au akodi kipimo cha chumvi, wiki moja pampu ikifanya kazi na wiki moja ikiwa imezimwa.

#30 Sululu
Afanye hivyo wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, na arudie wakati wa bamvua, vinginevyo Nahodha hatakubali.

#31 MwanaBonde
Wanajamvi, nimechelewa kurudi kwa kuwa nilikwenda Pemba. Shimo nimechimba. Mwenye tikiti alikubali kuzima pampu siku nne tu, si wiki, kwa sababu matunda yake yalikuwa karibu kuvunwa. Kipimo sikupata, nimetumia ulimi wangu na wa mama. Siku za pampu maji yalikuwa na chumvi. Siku nne za kuzima yalikuwa na chumvi pia, ila mama anasema imepungua na mimi sikuona tofauti. Wakati wa bamvua maji ndani ya shimo yalipanda kiasi cha vidole vitatu, saa mbili hivi baada ya bahari kujaa.

Kuna kitu kingine nilikiona nikiwa nimesimama pale, ambacho sikuwahi kukifikiria. Barabara mpya ya kijiji inakatiza bonde juu kidogo ya chemchemi ya Mzee. Upande wa juu wa barabara pana maji yaliyosimama na matete mabichi mpaka kifuani, na kwarara watatu walikuwa wakitembea humo. Upande wa chini ni pakavu.

#32 FundiKisima
Vidole vitatu kwa saa mbili ina maana bahari na shimo lako vinazungumza chini kwa chini. Hilo ni langu na la Mkandaa kwa pamoja.

#33 Mkandaa
Nalichukua.

#34 MaalimWaJiografia
Mimi nataka kusikia habari za hiyo barabara. Lina makalvati mangapi tuta lake, yaani matundu ya kupitishia maji chini ya barabara, na yako usawa gani na maji ya upande wa juu?

#35 BiUkindu
Na kama upande wa juu pana matete, angalia kama pameota mikindu. Ikiwepo usiiguse, nitakuja mwenyewe kuitazama.

#36 MwanaBonde
Mikindu midogo ipo, Bi, kama kumi hivi. Makalvati ni mawili. Moja limezibwa na mchanga na magogo mpaka juu, na jingine mdomo wake uko juu ya maji kwa kiasi cha mkono mmoja, kwa hiyo hakipiti kitu mpaka mvua kubwa inyeshe. Kesho tunakwenda na majembe kuzibua lile la kwanza, mimi na wajomba wawili. Mwenye tikiti amesema atakuja pia.